Meno ya wazee wetu: hela ya kung'oa tunachanga, ya kutunza hatuna. Yaliyotukuta kwa mama yetu hapa Dodoma

Mkulima wa Mpunguzi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wazee mliomo humu, shikamooni. Mbukwenyi kwa watu wa nyumbani.

Pasaka ya 2023 tulichinja mbuzi nyumbani Mpunguzi. Watoto wote sita wa mama tulikuwepo, wajukuu wamejaa uani. Mimi nilikaa mkeka mmoja na mama. Kila kipande cha nyama kilichowekwa kwenye sahani yake alikigeuza, akakiminya kwa kidole gumba, kisha akampa mjukuu aliyekuwa jirani. "Kula, mimi nimeshiba." Yeye akabaki na ugali wake na mlenda. Sote tukasema mama anawapenda wajukuu, na ni kweli anawapenda. Usiku tukiwa tunalala mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama hatafuni. Anameza."

Asubuhi nikamwomba afungue kinywa nikamulika kwa tochi ya simu. Chini kulia, gego lilikuwa limebaki kisiki cheusi, fizi imevimba na kung'aa. Nikamuuliza linauma tangu lini. Akasema, "Linauma, linaacha. Sikutaka kuwasumbua, najua mna ada za watoto."

Nilitakiwa nimpeleke siku ileile. Sikumpeleka, tulikuwa tunasubiri hela ya zabibu. Wiki mbili baadaye shavu likafura mpaka jicho likaziba, tukamkimbiza mjini, akalazwa siku mbili. Hilo nitalibeba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Dada yetu mkubwa ndiye anatunza daftari la michango ya familia. Mwaka jana tulikaa tukajumlisha kila shilingi iliyokwenda kwenye meno ya mama. 2019 gego la kwanza, pamoja na dawa na nauli ya watu wawili: 31,000. 2021 yaling'olewa mawili: 62,000. 2023 kulazwa na kung'oa lile la Pasaka: 148,000. 2024 likatolewa lingine lililokuwa linacheza, tukamtengenezea meno bandia matano, tukaenda na kurudi mara kadhaa kupima na kurekebisha: 286,000. Jumla 527,000 kwa miaka sita.

Nililifungua daftari lile mara mbili. Hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa kwa ajili ya jino lisilouma. Kila mchango umeandikwa mbele yake ugonjwa: "jino la mama, maumivu", "shavu la mama". Sisi watoto sita wote tunajituma. Hatukuwahi kukataa kuchanga. Ila tulikuwa tunachanga jino likishakufa.

Na mama si mtu asiyefika hospitali. Ana miaka 71, ana presha na sukari, kila mwezi yuko kliniki. Anapimwa mkono, anatobolewa kidole, anapewa vidonge. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia afungue kinywa, na sisi hatukuomba. Kumbe sukari ikipanda fizi zinaoza kwa urahisi, na fizi zikiwa na usaha sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Yule dada wa meno aliyemtengenezea meno bandia ndiye wa kwanza kutueleza hivyo, tena akashangaa kwamba hatukujua.

Kuhusu msamaha wa wazee: Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na Sera ya Afya ya 2007 imesema wazee wasiojiweza watibiwe bila malipo. Dirisha la wazee tumelitumia na tunashukuru. Lakini kituo cha jirani alichokuwa anakwenda kilikuwa na ganzi na koleo. Cha kusafishia wala cha kuzibia hakikuwepo. Kwa hiyo bure aliyoipata mama ilikuwa ni bure ya kung'olewa. Mzee mwenye jino lililotoboka kidogo anaambiwa aende mjini akalipe, na mzee asiye na hela ya mjini anasubiri liharibike mpaka lifae kung'olewa bure. Hilo linaniuma kuliko hela yenyewe.

Baada ya meno bandia tukaambiwa mama amebakiwa na meno yake 21 na yote yanaweza kuokolewa, ila lazima asafishwe. Zahanati binafsi, 40,000. Kadi ya bima aliyoandikishwa na mdogo wangu ikakataa, tukaambiwa kusafisha kwa mgonjwa asiye na maumivu hakumo. Tukalipa mfukoni. Dada wa meno alimsafisha kwa karibu dakika arobaini, akampumzisha mara tatu ateme. Alipomaliza akamwonyesha kwenye karatasi laini kipande cha ugaga, yaani uchafu wa meno ulioganda ukawa mgumu, kilichobanduka nyuma ya meno ya mbele ya chini. Kilikuwa na umbo la ndani ya meno yenyewe, rangi ya chai ya rangi, kigumu ukikigonga na kucha kinalia. Mama akakishika. Akauliza, "Hiki nimekaa nacho miaka mingapi?" Dada wa meno akamjibu kwa heshima kabisa, "Mama, inawezekana kumi." Mama akanyamaza njia nzima mpaka Mpunguzi.

Tulichoamua kama familia ni hiki. Kwetu zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Kila mavuno yakilipwa, kabla ya kugawana, 50,000 inatoka na kuandikwa "meno ya mama". Haiguswi hata kama hakuna kinachouma. Nyie wenzangu mnafanyaje? Wenye wazazi vijijini, hela hii mnaitoa wapi, na mmepata wapi huduma ya kusafisha na kuziba bila kuumizwa bei?

---

Mwalimu Mstaafu, Kondoa

Marahaba mwanangu. Pole kwa mama, na mpe salamu zangu.

Nina miaka 68 na nitakueleza kitu ambacho mama yako hatakueleza. Mzee akisikia jino linauma, la kwanza analofikiria ni nani atapigiwa simu. Anajua hali ya kila mtoto. Huyu ana karo, huyu amejenga hajapaua, huyu mkewe ni mjamzito. Anazunguka orodha yote kichwani halafu anachukua karafuu anabana kwenye jino analala. Kwa hiyo usimsubiri mzazi aseme. Angalia anavyokula. Mtu aliyekuwa anatafuna mahindi ya kuchoma akianza kuyapukuchua ayachemshe, hapo pana jambo. Akitafuna upande mmoja, pana jambo. Akiacha maji ya mtungi akataka ya vuguvugu, pana jambo.

Mimi nilikatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Bima ya Afya ya Taifa miaka yote ya kazi, mwajiri akaweka 3 zake, na nilipostaafu kadi imeendelea kwangu na kwa mke wangu. Nashukuru sana. Lakini jirani yangu ambaye alikuwa mkulima maisha yake yote hana kadi hiyo, na jasho lake halikuwa dogo kuliko langu.

Swali langu kwa wataalamu: nilisafishwa mara moja, baada ya hapo meno mawili ya chini yakaanza kucheza. Wenzangu wa kijiweni wakasema ndiyo maana wao hawasafishi. Ni kweli kusafisha kunalegeza meno?

---

Tabibu wa Kinywa

Shikamoo mwalimu. Nipo kwenye kituo cha umma mkoani hapa, nitajibu kwa ninachokiona kila siku kwenye kiti.

Kusafisha hakulegezi jino. Ugaga unapokaa miaka mingi unashuka chini ya fizi, na mfupa unaoshika jino unaliwa kidogo kidogo. Jino limeshalegea, lakini ule ugaga umeyagandisha meno pamoja kama saruji, huoni. Ukiutoa unaona hali halisi. Meno mengi yakisafishwa wakati huo fizi inabana tena kiasi fulani. Ukiuacha, mfupa unaendelea kuliwa mpaka jino linatoka lenyewe na mkate. Meno kusisimka kwa maji baridi baada ya kusafishwa ni kawaida kwa siku chache, usiogope.

Mleta uzi, mama yako anatumia dawa gani za presha? Nauliza kwa sababu baadhi, hasa amlodipine na nifedipine, kwa watu wengine huvimbisha fizi zikapanda juu ya jino, na uchafu unajificha humo. Dawa nyingine za presha hukausha mate. Mate ndiyo mlinzi wa kwanza wa jino, yanaosha na kupunguza asidi. Kinywa kikiwa kikavu jino linatoboka haraka, hasa shingoni, kwa sababu kwa wazee fizi imeshuka na mzizi uko wazi, na mzizi hauna lile gamba gumu la juu. Asiache dawa ya presha hata siku moja kwa sababu ya haya. Amweleze daktari wake, wataangalia pamoja. Vilevile wanaotumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda wasiache wenyewe kabla ya kung'oa. Waseme tu wakifika, tunajua cha kufanya.

Kwa nyumbani: dawa ya meno yenye floridi (madini yanayoimarisha jino), angalia kwenye kasha iwe kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Mara mbili kwa siku, usiku kabla ya kulala isikosekane. Ateme povu, asisukutue na maji mengi, maana anaiosha floridi yote. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021, kwa hiyo siyo kitu cha urembo. Mswaki wa mti si mbaya, wazee wetu wameutumia vizuri. Tatizo ni kwamba wengi wanasugua mbele tu, na ugaga unapenda nyuma ya meno ya chini, palepale ulipouona kwa mama. Meno bandia avue usiku, ayasugue kwa sabuni na brashi, ayalaze kwenye maji.

---

Bahi Stesheni

Mleta uzi, naomba nikupinge kwa heshima. Hesabu zako nimezirudia. Kusafisha 40,000 mara mbili kwa mwaka kwa miaka sita ni 480,000. Mlitumia 527,000. Tofauti ni 47,000, na hapo hujaweka nauli. Kwa mtu wa huku kwetu anayetegemea mpunga na mvua ikawa ya kusuasua, 80,000 kwa mwaka kwa jino lisilouma ni gunia la chakula. Mimi nina baba na mama mkwe, wote zaidi ya sabini. Nikitoa hiyo kwa wote wawili ni 160,000. Siyo kwamba hatuwapendi wazee. Njaa ya Februari inaonekana, ugaga hauonekani.

---

Mkulima wa Mpunguzi (mleta uzi)

Mkuu, hujakosea na sitabishana na gunia. Kwa shilingi peke yake hatukuokoa kitu cha kutangaza. Ninachokiona mimi ni kwamba kwa 527,000 mama amepoteza meno matano, amelala hospitali, amekula ugali mtupu kwa miaka ambayo sijui idadi yake. Kwa 480,000 angekuwa na meno yake. Hela inakaribiana, tulichokinunua ndicho hakifanani hata kidogo.

Lakini hoja ya wazee wawili na 160,000 ni nzito. Tabibu, ni lazima kweli kila miezi sita?

---

Tabibu wa Kinywa

Hapana, na Bahi amefanya vizuri kuuliza. Kilicho muhimu ni kuangaliwa. Kuangaliwa ni bei ndogo kuliko kusafishwa, na kwa mzee mwenye msamaha mara nyingi hakumgharimu kitu kwenye kituo cha umma. Mzee ambaye fizi zake ziko salama na anapiga mswaki vizuri anaweza kusafishwa mara moja kwa mwaka au hata akakaa zaidi ya mwaka. Mwenye sukari, mvuta tumbaku, au mwenye fizi zinazotoka damu ndiye nitamwita kila miezi sita, wakati mwingine mitatu. Mama wa mleta uzi yuko kundi hilo. Baba yako, Bahi, huenda hayuko. Hutajua mpaka aketi kwenye kiti mara moja.

Na ushauri wa nauli: mpange siku moja na kliniki ya presha. Mzee ameshapanda gari, ameshafika mjini. Baada ya kuchukua dawa zake amalizie dirisha la kinywa na meno. Hospitali za wilaya na za rufaa zina kitengo hicho, na bei ya kusafisha huko iko chini ya zahanati nyingi binafsi. Foleni ipo, sitasema uongo. Fikeni asubuhi.

---

Dada wa Kizota

Naongezea kwenye msamaha maana nilimfuatilia bibi yangu mwaka juzi. Tulianza kwa mwenyekiti wa mtaa, tukapewa barua, ikapita kwa mtendaji, halafu hospitali tukaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Wenye vitambulisho vya wazee vya matibabu njia ni fupi zaidi. Kosa tulilofanya ni kukaa kwenye kiti kwanza na kuuliza baadaye. Ukifika muulize ustawi wa jamii moja kwa moja: kung'oa kumo? kuziba kumo? kusafisha kumo? Bibi alikaa, wakamziba, ndipo tukaambiwa vifaa vya kuzibia tunalipia sisi. Nilitoa 25,000 niliyokuwa nimeiweka ya mkaa.

Walio kwenye CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, muwaulize hivyohivyo kabla ya kutibiwa. Na kwa kuwa Bunge lilishapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, sisi wenye wazee tuseme kwa sauti wakati wa kupanga kitita, yaani orodha ya huduma zinazolipiwa na bima: kusafisha na kuziba kwa mzee viwemo ndani, siyo kung'oa peke yake. Mikutano ya hadhara ya mtaa ipo, madiwani wapo. Mimi nimeshalisema mtaani kwetu na wamama walinipigia makofi, kila mmoja ana mama yake.

---

Mnyaturu wa Singida

Kwetu kuna jambo jingine. Visima vingi vya Singida vina floridi nyingi. Baba yangu ana meno ya kahawia tangu utoto, wengi tuko hivyo. Miaka yote amekataa kwenda kwa daktari wa meno kwa sababu aliwahi kwenda akiwa kijana na aliyempokea akamwambia meno yako yote yameoza. Hayakuoza, yalikuwa na rangi tu. Aliaibika, na mpaka leo akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Sasa nikisoma tabibu anasema floridi, floridi, baba atasema ndiyo hiyohiyo iliyoniharibu.

---

Tabibu wa Kinywa

Mpe pole baba, aliyemwambia vile alimkosea. Rangi ile huingia utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya taya, kwa maji ya kunywa kila siku. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri maji yasizidi ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vya ukanda huo vinazidi. Mtu mzima ambaye meno yameshaota hawezi kupata rangi mpya kwa kupiga mswaki na kutema. Dawa ya meno ni salama kwake na anaihitaji. Wajukuu wadogo ndio wa kuangalia: waweke dawa kiasi cha punje ya mchele, wateme, na wapate maji mengine ya kunywa ikiwezekana, hata ya mvua. Kuchemsha hakutoi floridi, maji yanapungua yenyewe inabaki.

Mlete baba. Akifika kwangu nitaanza kwa kumwambia meno yake yana rangi na hayajaoza kwa sababu ya rangi.

---

Nipo Masomoni

Nilikaa Japani miaka mitatu. Kule wana kampeni inaitwa 8020 iliyoanza 1989: mtu afike miaka 80 akiwa na meno yake 20. Walichagua 20 kwa sababu kwa idadi hiyo mtu anatafuna karibu vyakula vyote bila meno bandia. Mwanzoni waliofika walikuwa wachache sana. Uchunguzi wa 2016 ukaonyesha zaidi ya nusu ya wazee wa umri huo wamefika. Mzee wa Kijapani na mzee wa Kigogo wana taya lilelile. Nimeikumbuka kwa sababu mleta uzi ameandika mama ana 21.

---

Mkulima wa Mpunguzi (mleta uzi)

Asanteni sana wakuu. Mwalimu, shikamoo tena, maneno yako ya mzee anayezunguka orodha ya watoto kichwani niliwasomea ndugu zangu kwenye simu na dada alilia.

Mrejesho. Mavuno ya Agosti yamelipwa, pungufu lakini yamelipwa. Juzi Jumanne mama alikuwa na kliniki ya presha, tukafanya kama Tabibu alivyosema, tukamalizia kitengo cha kinywa palepale. Tulifika saa moja asubuhi, akaonwa saa tano. Kumwangalia hatukulipa. Kusafisha tukalipa 15,000, fizi hazikutoka damu kama mara ya kwanza. Dawa yake ni amlodipine kweli, wameandika kwenye kadi daktari aione mwezi ujao. Jino la pili kutoka mwisho, kushoto juu, lina shimo dogo shingoni, wakaliziba siku hiyohiyo kwa 15,000, na wamesema walitazame tena Machi.

Ile 8020 nimemweleza mama. Akahesabu kwa ulimi, kinywa kimefungwa, taratibu, huku gari linatoka stendi. Akasema, "Ishirini na moja. Basi nina miaka tisa ya kuyalinda."

20,000 iliyobaki imekaa palepale haijagawanywa. Dada ameandika kwenye daftari: "Mama, meno, 30,000." Mbele yake, pale anapoandikaga ugonjwa, ameacha wazi.

Bahi, baba yako ukimleta mjini nishtue. Kwangu pana kitanda, mlale mwahi foleni asubuhi.